Nchi Iliyovundika Chanjo

Njia iliyomfikisha Atupele Mwakyoma nchini Mbivuni siijui, na hata ningeijua nisingewachosha nayo. Itoshe kwamba alifika, tena Jumatatu asubuhi, akiwa na makasha mawili ya baridi yaliyojaa chanjo za watoto, kila kasha na kipimajoto chake.

Mama huyu alikuwa mtunza chanjo wa hospitali moja ya milimani huko Rungwe. Umri wake miaka hamsini na mitatu, mkali kidogo, na alikuwa na mazoea ya kusemesha majokofu yake kila asubuhi kama wengine wanavyosemesha ng'ombe. Baraza la Mbivuni lilimwita kwa barua. Barua ilieleza kwamba nchi ile huchanja watoto wake wote, haiachi hata mmoja, na kwamba surua inawaua vilevile, basi wanaomba mtu wa kuja kuwaeleza kulikoni. Ilikuwa barua ya unyenyekevu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Tarehe yake ilikuwa ya miaka minne nyuma.

Jambo la tarehe alilielewa getini. Askari wa zamu alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye benchi refu lililotandikwa majani makavu ya migomba, akamfunika miguu kwa majani mengine, kisha akamwomba asubiri aive. Atupele akauliza aive nini. Yule askari akamfafanulia bila haraka kwamba Mbivuni haingii mtu mbichi. Mtu aliyetoka safarini bado ana mambo ya huko atokako, na akiingia hivyo hivyo huwachafua watu matumbo. Mtu mzima asiye na makuu huiva kwa nusu siku. Wafanyabiashara huchukua siku mbili.

"Mbona niliwaandikia kwamba nakuja?" Atupele akauliza.

Askari akakubali kwa kichwa. Barua yake ilifika salama, akasema, na ipo kapuni inavundikwa pamoja na nyingine. Ilifika juzijuzi tu, mwaka jana.

Basi nami nikuelezeni Sheria ya Kuiva, maana bila hiyo hamtaielewa nchi hii. Hapo kale Mbivuni ilipigwa na njaa. Wazazi, kwa kukosa la kufanya, waliwalisha watoto wao ndizi changa na maembe yasiyokomaa, na watoto wengi wakafa kwa kuhara. Waliobaki waliapa juu ya makaburi madogo kwamba hakuna kitu kibichi kitakachomfikia mtoto wa Mbivuni tena. Kiapo kilitoka kwenye machozi, nami sina ubavu wa kukicheka. Tatizo ni kwamba kiapo hakikutulia kwenye matunda. Kiliingia kwenye barua, kikaingia kwenye mafaili, kikapanda hadi kwenye maamuzi. Paa la shule ya mjini lilivuja, na suala la kuliziba lilikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye shimo la kuvundikia, limefunikwa vizuri, kila mwezi likigeuzwa upande ili liive sawasawa. Wanafunzi walijifunza kusogeza madawati.

Mchana Atupele alitangazwa kuwa ameiva kiasi. Kwa kuwa ni kiasi tu, hakupewa nyumba ya wageni wa heshima. Alipelekwa kulala kwa mwanamke mmoja kijana aitwaye Mwavita, aliyeishi mwisho wa mtaa na mtoto wake wa kike, Kibibi, wa miezi tisa kasorobo. Mwavita alimpokea makasha kama anayepokea mtoto wa mtu, akayaweka pembeni penye kivuli bila kuambiwa. Atupele alimpenda papo hapo.

Jioni wakimenya ndizi, Mwavita alimwambia kwa nini wageni wabichi huletwa kwake.

"Mimi mama ni mtu wa mafuriko," alisema, kama anayetaja kilema.

Ikawa hivi. Miaka ishirini na mitatu nyuma, mto ulifurika na kuibeba Nyumba ya Kuvundikia Chanjo siku ileile chanjo zilipoletwa. Akina mama sitini na wawili walikuwa wamesimama kwenye matope na watoto mgongoni. Mvundikaji wa chanjo wakati ule alikuwa bwana mmoja aitwaye Feruzi. Alitazama chupa zilizotoka kwenye baridi, akatazama akina mama, akaona hana pa kuzivundika wala moyo wa kuwarudisha watu nyumbani. Akazitoa mbichi. Maji yalipopungua, Feruzi alizunguka kwa miguu nyumba zote sitini na mbili, akapiga magoti kwenye kila mlango, akaomba msamaha. Alisamehewa, maana Mbivuni ni watu wa huruma. Ila wale watoto waligongwa mhuri kwenye kadi zao: MBICHI. Harusini hukaa nyuma. Barazani hawasemi neno. Na surua ikizuka, ndio wanaotumwa kuuguza wagonjwa, kwa sababu imezoeleka kwamba ugonjwa huwadharau.

Kisu kilimsimama Atupele mkononi.

"Unawadharau vipi?"

"Hauwashiki," Mwavita akajibu. "Watu husema hata surua ina hadhi yake, haiingii kwa mtu asiyeiva."

Atupele aliweka kisu chini. Akauliza polepole, kati ya wale sitini na wawili ni wangapi waliowahi kuugua. Mwavita akasema hajui. Hakuna aliyewahi kuhesabu, na nani atakaa chini ahesabu aibu yake?

Kisha akainuka, akaleta kadi mbili za kliniki zilizofungwa kwenye kanga moja. Ya kwanza ilikuwa yake, na mhuri wake. Ya pili ilikuwa ya Kidawa, binti yake wa kwanza, safi kabisa, kila chanjo imetiwa alama kwa wino wa kijani, na juu imeandikwa IMEIVA. Kidawa alikufa kwa surua mwaka juzi akiwa na miaka miwili na nusu.

"Nilihakikisha," Mwavita alisema. "Nilimpeleka mwenyewe, nikasubiri mpaka zikaiva hasa. Nilitaka mwanangu akae mbele."

Atupele hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu, lakini siku hiyo alilia, na wala hakujificha. Alipotulia akamwambia Mwavita kwamba chanjo aliyonayo kwenye kasha ni nzima, na kwamba anaweza kumchoma Kibibi muda huohuo. Mwavita akamkumbatia mtoto, akatikisa kichwa. Surua ilikuwa imefika vijiji viwili kutoka pale, alijua, na hakuwa na usingizi. Lakini akichanjwa kwa siri Kibibi atagongwa mhuri, maana mambo hayafichiki. Atakuwa kama mama yake. Tena, akasema, watoto wa wengine je?

Atupele akaona mwanamke huyu amefikiri kuliko yeye. Alikagua kipimajoto: nyuzi nne. Barafu za makasha yale hudumu siku tano, kwa sharti kwamba mfuniko haufunguliwi ovyo. Maana yake Ijumaa. Na Sheria ya Kuiva ilitaka kila chanjo ikae siku saba kwenye majani kabla ya kumgusa mtoto.

Jumanne alfajiri alikwenda kuonana na Feruzi, ambaye sasa alikuwa Mvundikaji Mkuu, mzee mrefu mwenye mikono misafi sana. Nyumba ya Kuvundikia ilijengwa upya baada ya mafuriko, imara, bila dirisha hata moja. Ndani kulikuwa na joto la kukata pumzi. Chupa za chanjo zililazwa kwenye majani makavu, safu kwa safu, na taa ya mafuta iliwaka katikati. Mzee alizigeuza moja moja kwa ncha za vidole, akiziongelesha kwa sauti ya chini. Atupele, ambaye naye huongea na majokofu yake, aliona haya kumcheka.

Mzee akamwonyesha jinsi wanavyotambua. Kwenye kila chupa, mtengenezaji amebandika alama ndogo: duara la zambarau, na ndani yake mraba. Mraba huja mweupe.

"Unaona huu?" Feruzi alisema kwa fahari. "Ulipokuja ulikuwa mweupe kabisa, mchanga. Sasa umekolea sawa na duara lake. Hii imeiva, binti yangu. Ningempa mjukuu wangu."

"Umempa?"

"Wote watano. Nimebaki na wawili."

Atupele alitoka nje. Alama ile aliijua kuliko alivyoujua uso wake. Ndiyo wanayofundishwa wahudumu siku ya kwanza: joto likiipata chupa mraba hukolea, na ukishafanana na duara, chanjo imekufa, itupe. Hapa palikuwa na mtu mwema aliyeketi miaka zaidi ya ishirini akingoja kwa upendo mpaka kila chupa ife, ndipo aitoe. Alirudi ndani, akamwambia. Alimwambia kwa adabu, kwa kumwamkia upya, kwa kuchagua maneno, lakini alimwambia.

Feruzi hakukasirika. Alisema jambo hilo ni zito, na kwa uzito wake bado ni bichi, hivyo alipeleke Barazani. Halafu, kwa kuwa sheria ni sheria, akaomba akabidhiwe makasha ili azivundike. Atupele akarudi kwa Mwavita, akaketi juu ya kasha moja na kuweka miguu juu ya jingine, akakataa kuinuka. Watu wa Mbivuni hawana ugomvi. Walimletea chai na mto wa kukalia.

Baraza lilikaa siku hiyohiyo, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu mgeni aliyekalia makasha alikuwa kitu kigeni na kilihitaji kutazamwa kabla hakijaiva na kuzoeleka. Alibebewa makasha yake mpaka ukumbini, akaketi palepale juu yake. Sitawachosha na hotuba zote. Mjumbe mmoja alisema chanjo iliyoharibika ingenuka, kama nyama, kama maziwa, na hizi hazinuki. Mwingine alisema wapo watoto waliochanjwa na wakaishi, sasa hao waliokolewa na nini? Wa tatu, aliyesifika kwa usomi, alithibitisha kwamba baridi ni dalili ya ubichi popote duniani, kwani hata maiti ni baridi, na hakuna maiti aliyeiva. Wa nne alilaumu akina mama. Akashangiliwa sana.

Wakati wa mapumziko Atupele aliona kitu pembeni ya ukumbi kilichomfanya asimame. Lilikuwa jokofu, zima, kubwa, linanguruma. Ndani yake mlikuwa na soda za Wajumbe. Akauliza imekuwaje soda zikanywewa baridi katika nchi inayochukia baridi. Katibu wa Baraza, kijana mmoja aitwaye Sudi, akamjibu kwa aibu kwamba soda ndicho kitu pekee kilichosamehewa na sheria. Ombi la kuzisamehe liliiva kwa dakika ishirini.

Sudi alikuwa kijana mzuri, na maneno ya mgeni yalimwingia. Yalimwingia mno. Jumatano asubuhi kabla ya kikao, Atupele alipotoka ukumbini kwenda kunawa, Sudi alichukua chupa zote za kasha la pili, zile za kuzuia pepopunda na kifaduro, akazishindilia kwenye kile chumba cha juu cha jokofu kinachotengeneza barafu. Alirudi kwa Atupele akitabasamu, akamwambia amemwokolea nusu ya mzigo.

Walipozitoa zilikuwa mawe. Atupele alisubiri ziyeyuke, akachukua moja akaitikisa mbele ya Wajumbe, akaiweka mezani. Chembechembe zikashuka upesi, zikatuama chini, juu pakabaki maji matupu.

"Hii nayo imekufa," alisema. "Hii imeuawa na baridi."

Ukumbi ulicheka mpaka baadhi wakajifuta machozi. Yule msomi akauliza ni kitu gani hiki kinachokufa kwa joto na kinakufa kwa baridi, na kama si afadhali kuachana nacho kabisa. Sudi alijiinamia pembeni, hana hali. Atupele alichoka, akajibu kwa kifupi kuliko siku zote.

"Mtoto mchanga naye ni hivyohivyo. Ukimweka juani atakufa, ukimwacha kwenye umande atakufa. Mbona hamjaachana na watoto?"

Kicheko kilikatika. Lakini kukatika kwa kicheko si uamuzi. Mwenyekiti alishukuru, akasema hoja ni nzuri na changa, na akaagiza ikavundikwe. Kwa makadirio ya haraka, miezi kumi na minane. Usiku ule kipimajoto cha kasha lililobaki kilisoma nyuzi tano.

Alhamisi habari zilikuja kwamba surua imeingia kijiji cha jirani kabisa, ng'ambo ya mto, na watu wa mafuriko wakaanza kuitwa kwenda kuuguza. Walimwita na Mwavita. Atupele alimkuta anafunga kanga zake, Kibibi amelazwa kitandani akicheza na miguu yake mwenyewe. Mwavita alisimama akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akaacha kufunga.

"Mama," alisema, "twende Barazani."

Atupele akamkumbusha kwamba haruhusiwi kusema. Mwavita akasema anajua. Akambeba mtoto mgongoni, akachukua zile kadi mbili, akamsaidia Atupele kubeba kasha, wakaenda.

Hapa inabidi niwaambie desturi moja ya Mbivuni. Mtu asiyeiva anaweza kusema Barazani endapo mtu aliyeiva atamshika mkono. Wakati wote wa kushikwa mkono, maneno yake huhesabiwa kuwa ya yule aliyemshika, na katibu huyaandika kwa jina la mshikaji. Mshikaji asipoyapenda huuachia mkono, na maneno hufutwa palepale kama hayakusemwa. Desturi hii iliwekwa kwa ajili ya watoto yatima wanaodai mashamba. Katika miaka ishirini na mitatu hakuna aliyekuwa amemshika mkono mtu wa mafuriko.

Mwavita aliingia ukumbini akapita katikati ya viti, jambo ambalo tayari lilikuwa kosa, akasimama mbele ya Mvundikaji Mkuu. Alinyoosha mkono tu.

Feruzi alimtambua. Nadhani aliwatambua wote sitini na wawili popote alipowaona, na hilo ndilo lililomzeesha. Wajumbe walimtazama. Alikuwa na kila sababu ya kutazama pembeni. Akasogeza kiti, akasimama, akaushika mkono.

"Mimi nimeuguza surua mara saba," Mwavita alianza, na sauti ilimtetemeka. "Nimelala kitanda kimoja na wagonjwa. Nimewafuta makamasi kwa nguo hii. Sijawahi kuugua. Mzee, wewe ulituchanja sote, na majina yetu unayo. Kati yetu sitini na wawili, surua imemshika nani?"

Kwa mujibu wa desturi, ilikuwa kama mzee anajiuliza mwenyewe mbele za watu. Sudi aliandika hivyohivyo. Feruzi alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, anayataja majina kimyakimya, moja moja, nyumba moja moja, kama alivyozizunguka kupiga magoti. Ilichukua muda.

"Mmoja," alisema hatimaye. "Mtoto wa mfinyanzi. Naye alipona."

"Na walioiva?" Mwavita akauliza. Sasa sauti ilikuwa imetulia. Alitoa kadi ya Kidawa akaiinua wote waione. "Huyu aliiva. Wajukuu zako watatu waliiva. Mzee, chanjo yako moja tu ndiyo iliyofanya kazi, na ndiyo uliyoiombea msamaha."

Mtu mmoja nyuma akanguruma, "Achia mkono." Wengine wakadakia, kwa upole wao wote, aachie, mzee usijitie kwenye balaa, achia yafutwe. Na ilikuwa rahisi. Vidole vitano tu. Atupele, juu ya kasha lake, aliutazama mkono wa mzee. Haukufunguka.

"Andika," Feruzi alimwambia Sudi. "Nimesema mimi."

Kisha, bila kumwachia Mwavita, alimwendea Atupele akamwomba chupa moja. Atupele alifungua mfuniko, akatoa moja, akafunga upesi. Mzee aliileta karibu na macho. Duara la zambarau, mraba mweupe ndani yake. Alilitazama jambo hilo dogo alilolitazama maisha yake yote.

Mwenyekiti akakumbusha kwa sauti ya huzuni kwamba hata kama ni kweli, sheria haibadiliki kabla haijaiva, na kuiva kwake ni miezi kumi na minane. Feruzi akasema hahitaji kubadilisha sheria. Sheria inasema mtoto asipewe kitu kibichi, naye anaiafiki mpaka kaburini. Lakini anayetamka kipi kimeiva na kipi bado ni Mvundikaji Mkuu peke yake.

"Hii imeiva," alisema, akaiinua. "Ilikuja imeiva. Ni mimi niliyekuwa nasoma alama kinyume."

Palizuka mabishano, na kwa habari nilizozipata bado yanaendelea, yamefunikwa vizuri na yanageuzwa kila mwezi. Lakini tamko lilikuwa limeandikwa. Alasiri Sudi alitoa soda zote kwenye jokofu, akakaa na Atupele mbele yake kwa muda wa karibu saa mbili, akizungusha kitufe kidogo kidogo huku kipimajoto kikiwa ndani, hadi kiliposimama kwenye nyuzi tano na kutulia. Safari hii hakugusa chumba cha juu. Kasha lilikuwa limefika nyuzi saba. Walihamisha chupa haraka, mkono kwa mkono, wakafunga mlango, na Sudi akaegemea mlango huo mpaka kulipopambazuka. Wajumbe walikunywa soda za moto. Mmoja alilalamika kwa maandishi.

Ijumaa asubuhi akina mama walipanga foleni nje ya ukumbi. Hawakuja wengi. Wengine walisimama mbali, wamewaziba watoto nyuso, wakitazama nani ataanza. Siwalaumu, kwa maana ukiwa umezika mtoto aliyeiva si rahisi kumpeleka mwingine kwa neno la siku moja. Mwavita ndiye aliyetangulia. Alikaa kwenye kiti, akampakata Kibibi, akamfungua mkono wa kushoto.

Feruzi alifika akiwa amevaa viatu vya safari na fimbo mkononi. Alikuwa na orodha ndefu kuliko ile ya mafuriko, ya watoto walioandikwa IMEIVA na ambao hawakuwepo tena, na alikuwa amekusudia kuipita yote, mlango kwa mlango, kwa magoti yaleyale ambayo sasa yalikuwa mabovu. Mbele ya foleni nzima alianza kujishusha chini, kwa shida, akijishikiza kwenye fimbo.

"Mwanangu," alisema, "naomba nianzie kwako. Kidawa..."

Machozi yalikuwa yamemjaa Mwavita, na kwa kitambo Atupele, sindano mkononi, hakujua yule mwanamke angemfanyia nini mzee yule. Alikuwa na haki ya kufanya lolote.

Mwavita alimshika bega kabla magoti hayajagusa ardhi.

"Utakuja nyumbani, mzee, nitakusikiliza," alisema. "Sasa hivi mshike huyu mkono, asishtuke."

Feruzi akauchukua mkono wa Kibibi, mdogo, wenye jasho, akaufunga ndani ya mikono yake miwili misafi. Atupele akachoma. Mtoto alilia kilio kikubwa cha hasira ambacho akina mama waliosimama mbali wote walikisikia, na mmoja wao akamfunua mwanawe uso, akaja kusimama kwenye foleni.